Komiki za zamani za Krismasi: Beano, Rupert, bata wa Barks au Father Christmas, umnunulie mtoto ipi?

Novemba ikikaribia kuisha mimi hushuka barabara ya Tom Mboya, Nairobi, polepole, kiondo begani na macho chini. Wauzaji wa vitabu vya mitumba hutandaza nailoni kando ya njia, na sisi wateja twainama. Ndiyo maana duka lenyewe tunaliita inama. Juu ya rundo kuna vitabu vya shule, katikati riwaya za mapenzi na vitabu vya kumfundisha mtu kutajirika, na chini kabisa, kama mgongo unakubali, komiki.

Mwaka jana nilipata nne kwa siku moja: kitabu cha Beano cha miaka ya 1970, Rupert aliyechanika uti, kijitabu cha Archie, na Father Christmas ya Raymond Briggs isiyo na jalada. "Hizi za watoto, mama, beba zote kwa mia sita," muuzaji akaniambia. Nikamjibu mimi si mama, mimi ni shangazi, na shangazi hana pesa za mama. Akacheka, tukaishia mia nne na hamsini. Ya tano, ya bata Donald wa mchoraji Carl Barks, nilikuwa nayo nyumbani tayari.

Nilizibeba hadi Kakamega kwa basi la usiku pamoja na watoto wa kaka yangu, Baraka wa miaka kumi na Naliaka wa sita, na kwa wiki mbili nikaona ipi inasomwa na ipi inawekewa kikombe cha chai juu. Ulinganisho huu umetoka hapo. Kipimo changu ni kimoja, na nakisema mapema ili usiyekubaliana nami ujue tunapoachania. Mtoto wa Nairobi hana habari na theluji. Barafu anayoijua iko kwenye friji, na nyingine iko mbali juu ya Mlima Kenya. Komiki inayotegemea mandhari ya theluji peke yake itamchosha kabla ya ukurasa wa kumi. Lakini Krismasi yenye shida ndani yake, nauli imepanda, zawadi imesahauliwa, mjomba tajiri kakataa kutoa, hiyo anaielewa kuliko sisi.

Beano, na mtego wa mwaka jaladani

Tuanze na inayopatikana kwa urahisi. Beano na ndugu yake Dandy ni kazi za kampuni ya DC Thomson ya Dundee, Scotland. Dandy ilitoka kwanza, Desemba 1937. Beano ikafuata tarehe 30 Julai 1938. Yalikuwa magazeti ya kila wiki ya watoto, na kila mwaka yakatoa pia kitabu kinene chenye jalada gumu. Kitabu hicho ndicho utakachokuta inama. Gazeti lenyewe ni karatasi nyepesi ambayo hapa kwetu ingekwisha kufungiwa njugu.

Hapa mnunuzi mgeni huanguka mara mbili. Kwanza, mwaka ulioandikwa jaladani ni wa mbele. Kitabu kilichoandikwa 1975 kilitoka madukani kabla ya Krismasi ya 1974, kwa hiyo ukitaka kumpa mtu kitabu cha mwaka aliozaliwa, fikiria unataka kipi. Vya zamani zaidi, vya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, mara nyingi havina mwaka jaladani kabisa. Nikikuta kimoja hutazama bei: Uingereza ilibadilisha mfumo wa pesa zake Februari 1971, na kitabu chenye bei ya shilingi na peni za kizamani ni cha kabla ya hapo. Wazee wetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki wanaisoma bei hiyo bila kukuna kichwa.

Mtego wa pili ndio unaouma. Kitabu cha Beano ni zawadi ya Krismasi, lakini si lazima kiwe na Krismasi ndani. Unaweza kufungua kurasa mia ukamkuta Dennis, yule mtundu wa Beano, shuleni, Dennis ufukweni, Dennis akimkimbia baba yake, na Krismasi ni mbili au tatu tu. Krismasi yenyewe ilikuwa kwenye toleo la wiki la Desemba, lile ambalo herufi za jina la gazeti huchorwa zimevishwa kofia za theluji. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama jalada. Pindua kurasa zote ukiwa hapo hapo umeinama, muuzaji atakuvumilia.

Lakini kwa kicheko, hakuna inayoigusa. Dennis alianza 1951, Minnie 1953, kile kikosi cha darasa la Bash Street 1954, na mbwa Gnasher 1968. Wote hawa wanaishi kwa kanuni moja: ukifanya utundu unapigwa kwa slipas ya baba, ukifanya jambo jema, hata kwa bahati mbaya, unapewa chakula. Na chakula cha Beano ni kimoja tu, mlima wa viazi vilivyopondwa na soseji zimechomeka pande zote. Baraka aliutazama mlima ule akaniuliza, "Shangazi, hii si mukimo?" Nikamwambia ni mukimo wa Scotland. Hakuhitaji tafsiri nyingine, wala ya slipas hakuhitaji.

Rupert, mpole kupita kiasi

Rupert ni dubu mweupe wa kijiji cha Nutwood, mwenye skafu na suruali ya mirabaraba ya njano. Alibuniwa na Mary Tourtel kwenye gazeti la Daily Express mwaka wa 1920. Alfred Bestall akampokea 1935, na tangu 1936 kitabu chake hutoka kila mwaka. Ukimweka kando ya Beano, tofauti iko kwenye ukurasa wenyewe. Beano ina vipuli vya maneno, makofi na vumbi. Rupert ana picha nne zilizotulia, chini ya kila picha beti fupi ya mistari miwili yenye vina, na chini zaidi hadithi ile ile kwa maelezo marefu. Maana yake kitabu kimoja kinasomwa na watu watatu: mdogo anatazama picha, anayeanza kusoma anasoma beti, na mtu mzima anasoma maelezo kwa sauti. Kwa familia yenye watoto wa rika tofauti, mpangilio huu ni wa maana sana, na sijaona komiki nyingine inayoutumia vizuri hivyo.

Shida ni hadithi. Krismasi ya Nutwood haina tatizo linalomkosesha mtu usingizi. Santa ni kama jirani, theluji ni nyingi na nzuri, kila mtu ana adabu, na Rupert anarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Naliaka alilala ukurasa wa saba. Mimi niliendelea kusoma peke yangu, maana Bestall alijua kuchora miti ya msimu wa baridi kuliko mtu yeyote, lakini kitabu nilikuwa nimemnunulia yeye.

Ukitaka Rupert kwa ajili ya kuhifadhi, hayo ni mambo mengine. Vya 1942 hadi 1949 vina jalada laini kwa sababu ya uhaba wa karatasi wa vita na baada ya vita. Tangu 1946 vingi vina kurasa za kuchora kwa maji matupu: unalowesha brashi, unapaka, rangi inajitokeza. Ambazo hazijapakwa zina thamani zaidi, na hapo ndipo unamhurumia mtoto aliyekatazwa kuzigusa. Tazama pia kama pembe yenye bei imekatwa kwa makasi, na kama kisanduku cha jina la mwenye kitabu kimejazwa. Wakusanyaji hushusha bei kwa hayo yote mawili. Mimi nayapenda yaliyojazwa. Beano yangu ina mwandiko wa bibi wa mtu, kwa wino wa buluu, akimtakia mjukuu Krismasi njema, na sijui ilifikaje Tom Mboya.

Jambo la kutazama kabla ya kumpa mtoto

Naliweka hapa katikati kwa sababu linahusu zote mbili zilizotangulia, na hata inayofuata. Komiki za zamani zilichorwa na watu ambao hawakutarajia mtoto wa Kiafrika angezisoma. Kwenye jina la Beano ya miaka ya mwanzo kulikuwa na mtoto mweusi aliyechorwa kwa dhihaka akila tikitimaji. Rupert wa zamani ana visiwa na wanasesere ambao leo hakuna mchapishaji angewatoa. Carl Barks naye, kwenye hadithi moja ya 1949 isiyo ya Krismasi, alichora Waafrika kwa namna inayokera. Siwaambii mchome vitabu. Nawaambia msome kwanza ninyi wenyewe, na kwa mtoto wa chini ya miaka minane, chochote cha kabla ya miaka ya 1960 kisipite mkononi mwake bila mtu mzima kando.

Bata wa Barks, na mjomba asiyetoa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Krismasi ina shida.

Kwa miaka mingi komiki za Donald Duck zilitoka Marekani na jina moja tu jaladani, la Walt Disney. Wasomaji walitambua kwamba kuna mmoja kati ya wachoraji anayewazidi wote, wakawa wanamwita tu yule mchoraji mzuri wa bata. Alikuwa Carl Barks, aliyezaliwa 1901 akafa 2000, na jina lake lilijulikana kwa wasomaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya mashabiki kumtafuta kwa barua. Desemba 1947 alitoa hadithi ya Krismasi kwenye mlima wa dubu, Christmas on Bear Mountain. Humo alihitaji mzee tajiri anayeichukia sikukuu, akamwazima jina kutoka kwa mwandishi Dickens, akamwita Scrooge, mjomba wa Donald. Mzee yule alikusudiwa hadithi moja tu. Anataka kumpima Donald ujasiri, kwa hiyo anamkaribisha na wapwa zake kwenye nyumba yake ya mlimani, akipanga kuwatisha kwa kuvaa ngozi ya dubu. Dubu wa kweli wanamtangulia. Baraka alicheka hadi bibi yake akaja kuuliza kama yuko sawa.

Ile ya 1949, Letter to Santa, inaanza na kosa ambalo kila mzazi amewahi kulifanya: Donald amesahau kuitia posta barua ya watoto. Walichoomba ni mashine ya kuchimbua udongo, ile kubwa ya mvuke, nzima, si ya kuchezea. Anakimbilia kwa mjomba, mjomba anataka sifa ziwe zake, na wawili hao wanaishia kupigana kila mmoja ndani ya mashine yake katikati ya mji. Ukiwa na mtoto aliyekua akitazama Waiyaki Way ikichimbuliwa wakati barabara ya juu inajengwa, hutaeleza chochote.

Lakini ya kununua, kama utanunua moja, ni A Christmas for Shacktown, iliyotoka na tarehe ya Januari 1952. Wapwa wa Donald wanapita mtaa wa mabanda wakirudi nyumbani na kuwaona watoto wasio na kitu. Wanaamua wawafanyie karamu ya Krismasi, na wanataka dola hamsini: nusu ya bata mzinga, nusu ya treni ya kuchezea. Mjomba Scrooge, mwenye ghala lililojaa pesa, anasema ya chakula sawa, atatoa, mkishapata wenyewe ya treni. Treni ni upuuzi. Hadithi nzima imejengwa juu ya swali hilo, kama maskini ana haki ya kitu kisicholiwa, na halisemwi hata mara moja kwa maneno ya mahubiri. Baadaye ghala la pesa linatoboka sakafu, mali yote inazama ardhini, na kinachoweza kuifikia kwenye njia ile nyembamba ni treni ya kuchezea.

Baraka alisoma mtaa ule wa mabanda akanyamaza. Basi letu la shule, akasema, linapita mahali kama hapo kila siku. Hakuuliza kwa nini hakuna theluji.

Sasa bei. Nakala asili za Dell, mchapishaji wa Marekani, za miaka ile ni za mabenki, hasa ile ya 1947 kwa kuwa ndiyo kuzaliwa kwa Scrooge, na sijawahi kuikuta inama wala sitarajii. Usihangaike nayo. Fantagraphics wa Marekani wamezichapa upya kwa jalada gumu na rangi safi: Shacktown ilitoka 2012, ile ya mlima wa dubu 2013, na barua ya Santa imo kwenye juzuu la 2014. Yangu ililetwa na mwenzangu wa kazini aliyekuwa akirudi kutoka huko, nikamlipa kwa awamu. Ni ghali kuliko Beano tano za Tom Mboya, na bado ningeichukua hiyo moja nikaziacha tano.

Ambaye bado anaamini komiki si komiki mpaka inuke vumbi atapinga. Na abaki na Beano yake; kwa hiyo nakala ya zamani inatosha na ndiyo rahisi kuipata. Akague vitu vitatu: kurasa za katikati zipo, uti haujaliwa na mchwa, na hakuna aliyeziba mipasuko ya karatasi kwa selotepu, maana selotepu ikizeeka hugeuka kahawia na kula wino. Mafumbo yaliyojazwa kwa penseli si kasoro.

Ambazo sikuzichagua, kwa kifupi

Archie, yule kijana wa shule wa Marekani, ni mzuri kwa safari. Vijitabu vyake vinaingia mfukoni, na mkusanyiko wake wa Krismasi ulianza 1954. Lakini Krismasi yake ni pambo: Archie hana pesa ya kuwanunulia Betty na Veronica zawadi kwa wakati mmoja, basi. Msichana wa miaka kumi na mitatu atamfurahia. Baraka alifika penye busu akaifunga.

Asterix, ile komiki ya Wafaransa, haimo. Wanaoniuliza huwa nawakumbusha kwamba hadithi zake zinatokea mwaka wa 50 kabla ya Kristo, kwa hiyo sikukuu yenyewe ilikuwa bado.

Na zetu? Swali la haki. Ukikuta Pichadithi, komiki za Kenya za miaka ya 1980, kazi ya kina Terry Hirst na Frank Odoi, nunua bila kuuliza mwezi. Zinasimulia ngano na mashujaa wetu kama Lwanda Magere, si Krismasi, na nina hakika kabisa bibi yako atakuwa na la kuongeza. Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo aliwachekesha wazazi wetu bila kuhitaji Santa. Kwa likizo ya Desemba zinafaa. Kwa ulinganisho huu wa Krismasi haziingii, na nisingependa kuzisukuma ndani kwa nguvu ili nionekane mzalendo.

Father Christmas na mtu wa theluji

Raymond Briggs alitoa Father Christmas mwaka wa 1973, ikashinda medali ya Kate Greenaway, tuzo ya Uingereza ya wachoraji wa vitabu vya watoto. Imechorwa kwa vyumba vya picha kama komiki yoyote, na mhusika wake ni mzee mmoja mnung'unikaji anayeishi peke yake na wanyama wake, ambaye Krismasi kwake ni siku ya kazi. Anaamka kutoka ndoto ya jua, anaona tarehe, analaani. Anachukia theluji, anachukia dohani. Kati ya vitabu vyote nilivyobeba, hiki tu kilikuwa na Santa anayekubaliana na mtoto wa Nairobi kwamba baridi ni upuuzi. Naliaka alitaka tu kujua angeingiaje kwetu Pangani, ghorofa ya nne, bila dohani. Baraka akamwambia atapiga simu mlinzi amfungulie geti.

Kwa mtoto asiyejua kusoma bado, au asiyesoma Kiingereza, chukua The Snowman ya Briggs huyo huyo, ya 1978. Haina neno hata moja, kwa hiyo haina lugha ya kumshinda mtu. Watu wengi wameiona filamu ya 1982 na wanatarajia kumkuta Santa. Kitabuni hayumo, na Krismasi yenyewe haimo, aliongezwa kwenye filamu. Ina theluji kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa kipimo changu lilipaswa kuiangusha. Sikuwa nimeinunua inama. Niliiomba kwa rafiki, nikaitia kiondoni bila matumaini.

Siku ya Boksi mvua ilinyesha kutwa. Naliaka aliketi miguuni pa Kukhu, bibi yake, akamfungulia kitabu, akawa anamsimulia picha moja moja, nusu Kiswahili nusu Kiluhya, sauti zote akizitoa yeye: mtoto, mtu wa theluji, mama aliyelala. Kukhu hajawahi kuona theluji wala hataki. Alisikiliza hadi ile picha ya mwisho, mtoto amesimama nje asubuhi na rundo dogo limeyeyuka mbele yake.

"Na kofia?" Kukhu akauliza. "Kofia ilibaki?"

"Ilibaki, Kukhu."

"Basi atarudi kuichukua."